Habari za Mama Sponji na Maonyesho Elfu Tisa

Sogeeni, enyi mlioketi nanyi mliosimama. Aliyeinjika chungu apunguze moto, kinyozi ashushe wembe, na anayegombana na mkewe aahirishe mpaka jioni, maana ugomvi hauchachi, lakini habari hii ikipoa haina ladha. Nipeni karatasi nyeupe na wino mweusi, kama walivyoomba watunzi wa zamani kabla ya kutaja mapanga na farasi. Karatasi hakuna? Basi nipeni hata mgongo wa kalenda ya mwaka jana, nami nitabana herufi.

Siandiki habari za wafalme. Wafalme wana waandishi wao, na wanakula vizuri. Naandika habari za fundi mmoja wa makochi, mwanamke, ambaye siku ya ishirini na sita ya mwezi, saa nne asubuhi, aligusa alama ndogo ya kuuliza kwenye kioo cha simu yake, jambo ambalo tangu kuumbwa kwa ukoo wao hapakuwa na mtu aliyethubutu kulitenda.

Na mimi ni nani hata nikajua? Mimi ni fundi saa. Chumba changu na chake vinatenganishwa na plaiwudi nyembamba, kiasi kwamba yeye akipiga chafya mimi ndiye ninayemtakia afya. Siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu, kwa hiyo nafasi ya kusikiliza ninayo tele. Anayesema nilikuwa nachungulia ni mzushi, plaiwudi haina tundu. Ina tundu moja tu, na dogo.

Jina lake la mtaani ni Mama Sponji. Mfufua Viti Vilivyokata Tamaa, Mshonaji wa Vitambaa Vikaidi, Mwenye Bunduki ya Pini Isiyokosa Mbao, mwanamke aliyelirudishia heshima kochi la watu watatu ambalo watu saba walikuwa wamelikalia kwa miaka tisa mfululizo. Chumba chake ni hatua saba kwa tano. Ndani yake kuna benchi, marobota ya vitambaa, harufu ya gundi inayovuka hadi kwangu bila kubisha hodi, na kochi moja jekundu la maonyesho alilolishona kwa mkono wake, ambalo hata mimi nimekatazwa kulikalia.

Ila chumba si chake. Ni cha Kaka Mkubwa, mzaliwa wa kwanza wa mama yake, mfugaji wa kuku mia nne, mtu wa maneno machache na tumbo lenye maelezo marefu. Siku ya kwanza ya mwezi aliingia na futi ya kupimia mkononi, kama jemadari aliyekuja kukagua mji anaokusudia kuuteka, akapima ukuta mmoja, akapima wa pili, ndipo akanena:

"Dada, miaka kumi na moja umekaa humu na sijakubughudhi. Lakini hebu tazama viti ulivyo navyo. Hicho cha shangazi. Hicho cha binamu. Hicho cha mke wangu, tena hakikuchanika, alikichana mwenyewe kwa kisu ili upate kazi. Hii siyo biashara, hii ni huruma iliyopigiliwa pini. Mimi magunia yangu ya chakula cha kuku yananyeshewa. Nipe mteja mmoja, mmoja tu, asiye ndugu yetu, aje kwa miguu yake kabla mwezi haujaisha. Ukimpata, chumba ni chako na mdomo wangu nimeufunga. Ukimkosa, siku ya thelathini magunia yanaingia."

Mama Sponji aliinama. Aliokota pini moja sakafuni akaitia mfukoni, akafunga mlango mapema siku ile. Nyumbani kwake hakuna pa kuweka hata stuli, na fundi wa makochi asiye na chumba ni mtu mwenye mikono tu. Aliogopa, tusidanganyane. Na mimi niliogopa, maana jirani wa magunia sitaki.

Hapo ndipo alipotokea Shemeji.

Shemeji ni mume wa mdogo wake. Aliwahi kuhudhuria mafunzo ya siku mbili yenye cheti na chai, na tangu siku hiyo anaitwa, kwa ombi lake mwenyewe, Mshauri wa Masoko ya Mtandaoni. Huvaa koti jua likiwa utosini. Alipiga picha kochi jekundu, akalifungulia ukurasa na tangazo la kulipia kwenye simu ya Mama Sponji, akaukaribisha ukoo wote uufuate, akasimama katikati ya chumba na kuhutubia:

"Shemeji, lala usingizi. Kuanzia leo kochi hili litatembea kuliko miguu yako. Tutakuwa na maonyesho, tutakuwa na ushiriki, tutakuwa na mibofyo. Algorithimu ikikupenda, Kaka mwenyewe atapanga foleni hapo nje."

"Maonyesho ndiyo nini?" akauliza Mama Sponji.

Shemeji akatabasamu kwa upole, vile daktari anavyomtabasamia mtoto anayeuliza sindano inauma. "Hayo niachie mimi. Wewe shona."

Asiyejua maana haambiwi maana, basi naye akashona.

Jioni ile ile Shangazi, dada wa marehemu baba yao, mlinzi wa majina ya wazee na bingwa wa kujua nani ni mtoto wa nani hata kwa kumwona kisogo, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la simu la ukoo, lenye watu arobaini na saba. Niliusikia kupitia plaiwudi, maana Mama Sponji aliucheza mara tatu huku akifuta macho.

"Wanangu," alisema Shangazi, "mtoto wetu yuko vitani. Hatuna mikuki, vidole tunavyo. Nimeamuru: kila asubuhi kabla ya chai, kila mmoja wenu alibofye tangazo lile mara moja. Asiyebofya nitamjua, na harusi yake siji."

Naam, ukoo ukaitika. Walibofya wakiwa vitandani, walibofya kwenye foleni ya maji, binamu mmoja alibofya akisubiri kung'olewa jino. Kila Jumapili Shemeji alikuja na ripoti, na kila ripoti ilikuwa nene kuliko iliyotangulia. Mlangoni kwa Mama Sponji, katika siku zote hizo, hakuingia mtu isipokuwa mwanamume mmoja aliyeulizia choo.

Ndiyo maana asubuhi ile ya tarehe ishirini na sita, Jumapili, siku nne kabla ya magunia, nilimkuta amekalia kochi jekundu. Mwenyewe. Nikajua mambo yameharibika.

"Jirani," akaniambia, "jioni shemeji anakuja na ripoti, na kaka anakuja na futi yake. Nataka leo niielewe mwenyewe kabla hawajafika. Lakini maandishi haya yametengenezwa kwa ajili ya sisimizi."

Enyi wasikilizaji, katika habari zote kubwa huja saa ambapo shujaa hupewa silaha na asiyetegemewa. Nilirudi kwangu nikachukua lenzi yangu ya jichoni, ile ninayotazamia matumbo ya saa, niliyorithi kwa mwalimu wangu wa kazi na ambayo mke wangu haruhusiwi kuigusa. Nikamkabidhi. Akaibana jichoni, akainamia simu yenye kioo kilichopasuka pembeni, na majeshi ya maneno yakajipanga mbele yake: Maonyesho, Watu Waliofikiwa, Mibofyo, Ushiriki, Walengwa, Matokeo. Walisimama wima, kila mmoja na namba yake, wala hakuna aliyemsalimia.

"Jirani," akasema polepole, "pembeni ya kila neno kuna alama ndogo ya kuuliza."

"Ya mapambo hiyo," nikasema. Najuta, lakini nilisema.

Akaigusa.

Neno likajieleza. Lilijieleza lote, kwa lugha ya kawaida, bila koti wala cheti. Kumbe siku zote ishirini na tano maneno yale yalikuwa tayari kusema kwa yeyote atakayeuliza, na Mshauri wa Masoko ya Mtandaoni hakuwahi kuuliza hata moja, kwa kuwa aliona haya. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto, halafu wakubwa tunakufa tumefunga midomo.

Mama Sponji alisoma, akachukua chaki yake ya kuchorea vitambaa akaanza kuandika kwenye benchi. Nami nilishuhudia akiyaangusha yale maneno moja baada ya jingine, akiyafananisha na dirisha lake mwenyewe.

"Maonyesho ni mara ngapi tangazo limepita mbele ya macho. Waliofikiwa ni watu wangapi wenye hayo macho. Wewe jirani ukipita dirishani kwangu mara kumi kwa siku..."

"Sipiti mara kumi."

"...ukipita mara kumi, ni maonyesho kumi, lakini mtu ni mmoja, na huyo mmoja hana kochi. Mbofyo ni mtu kugonga mlango. Ushiriki ni wale wa kusimama nje na kusema hongera. Walengwa ni wale niliowaelekezea bunduki. Matokeo ni kiti kilichoingia ndani."

Akazisoma namba. Maonyesho, elfu tisa na mia mbili. Mibofyo, elfu moja mia moja na hamsini. Watu waliofikiwa, arobaini na sita.

Akaisoma hiyo ya mwisho mara mbili. Akatoa lenzi jichoni, akaifuta, akairudisha, akasoma tena. Kundi la ukoo lina watu arobaini na saba. Ukimtoa yeye mwenyewe, wanabaki arobaini na sita. Aligawanya mibofyo kwa watu, ikaja ishirini na tano kamili kwa kila kichwa, mbofyo mmoja kila asubuhi, hesabu imenyooka kama askari wa gwaride. Akafungua Walengwa. Palikuwa na maneno mawili tu: wafuasi wa ukurasa.

Akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikageuka, nami nikarudi kutazama saa za ukutani kwangu hadi alipomaliza.

Saa kumi jioni baraza likakusanyika. Kaka Mkubwa alisimama kwenye kona anapima. Shangazi alikalia kiti chake mwenyewe, kile kilichokuwa kinasubiri kushonwa. Mimi nilialikwa na plaiwudi. Shemeji akafungua ripoti yake na sauti yake ikajaa chumba:

"Wakubwa zangu, nina furaha isiyo na mfano. Maonyesho elfu tisa na mia mbili. Kijiji kizima, nasema kijiji kizima, kimeliona kochi hili."

Debe tupu halikosi kuvuma. Mama Sponji alisubiri livume liishe.

"Shemeji, hongera," akasema. "Nina swali moja dogo. Kati ya hao elfu tisa, vichwa ni vingapi?"

"Vichwa kivipi?"

"Vichwa vya binadamu. Vyenye shingo."

Shemeji akafunua kurasa, akaingia kwenye algorithimu, akatokea kwenye mwenendo wa dunia, akapotelea kwenye soko la kimataifa. Mama Sponji hakumfuata huko. Alimgeukia Shangazi.

"Shangazi, wewe kochi langu umeliona mara ngapi?"

"Ehe, mwanangu, usiniulize," Shangazi akajibu kwa fahari. "Naliona nikiamka, naliona nikitafuta bei ya vitunguu, juzi naangalia picha za msiba, kochi hilo hapo katikati ya waombolezaji. Na sijawahi kuacha kubofya. Siku ishirini na tano, hata siku niliyokuwa na homa."

"Basi aliyefikiwa ni wewe, Shangazi. Wewe na nyinyi wote. Ni arobaini na sita, na wote nawajua hadi majina ya utani. Shemeji alichagua walengwa wawe wafuasi wa ukurasa, na wafuasi wangu ni ndugu zangu. Tumekuwa tunajitangazia sisi wenyewe kochi ambalo mlishalijua. Na kuna jambo jingine." Hapa sauti ilishuka, ikabidi nisogee kwenye tundu. "Tangazo linalipiwa kwa kila mbofyo, na mlipaji ni mimi. Kila asubuhi mlipokuwa mnanisaidia, mlikuwa mnanimaliza."

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, lakini hawakusema kwamba kinakula kwa mapenzi. Shemeji alitazama viatu vyake. Kaka Mkubwa aliiachia futi ikajikunja yenyewe. Uso wa Shangazi, niliouona vizuri sana, ulikuwa uso wa mtu aliyepika siku nzima akaambiwa chakula kina sumu.

"Kwa hiyo unasema msaada wangu niuache?" akauliza.

"Nakuomba siku nne tu, Shangazi. Usibofye. Weka mikono mapajani, ukae kimya. Najua ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kukuomba."

Shangazi akaweka mikono mapajani.

Ndipo Mama Sponji, mbele ya baraza lote, akaishika simu na kuingia kwenye Walengwa. Akawafuta wafuasi. Akachagua wanaoishi karibu, mwendo wa mtu anayeweza kubeba kiti. Akachagua wenye kupenda fanicha. Na pale chini, ambapo Shemeji aliweka kitufe cha kuupenda ukurasa, yeye akaweka kitufe cha kupiga simu, kwa hoja kwamba hajawahi kuona kochi linashonwa kwa kupendwa. Akabonyeza. Hakuna radi iliyopiga.

Jumatatu ripoti ilisinyaa. Jumanne ikazidi. Hadi Jumatano jioni maonyesho yalikuwa mia tatu na arobaini, waliofikiwa mia tatu, mibofyo minne. Shemeji alipita dirishani makusudi. "Kutoka elfu tisa hadi mia tatu," alisema kwa huzuni yenye raha ndani yake. "Umeliua tangazo, shemeji. Mimi nanawa mikono." Mama Sponji alimwuliza kama anafahamu tofauti ya vichwa hivyo mia tatu na vile vyake arobaini na sita, naye akakumbuka ana kikao.

Siku ya thelathini, Alhamisi, mkokoteni wa magunia ulisimama mlangoni saa tatu. Kaka Mkubwa alikuja nao kwa miguu. Shangazi alikuja kusaidia kufunga vitu. Mama Sponji alikuwa ameshakunja marobota mawili, na ile bunduki ya pini alikuwa ameizungushia kitambaa vizuri, kama unavyomvika mtoto anayesafiri. Sikuweza kufanya kazi asubuhi ile. Nilikuwa na saa moja tu ya kutengeneza na nilikuwa nimeiwekea mishale nyuma mbele.

Mara barabarani ikasikika sauti ya magurudumu yanayolia kwa kukosa grisi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, msusi, amevaa aproni ya saluni, anasukuma kiti cha saluni kwa magurudumu yake katikati ya watu, ngozi ya kiti imepasuka na sponji inachungulia kwa aibu.

"Samahani," akasema, "namtafuta fundi wa kochi jekundu. Nimeliona kwenye simu. Nimejaribu kupiga, hapokei."

Mama Sponji alipapasa mfukoni. Simu ilikuwa chini ya marobota.

Msiniambie habari za kutekwa miji. Mimi nimeuona uso wa mwanamke yule akikipokea kile kiti.

Lakini Kaka Mkubwa akaweka mkono juu ya kiti, kwani masharti ni masharti. "Subiri. Wewe binti ni mtoto wa nani?"

Msusi akashangaa, akamtaja baba yake. Kaka akatikisa kichwa, hamjui. Akauliza ukoo wa mama. Akauliza bibi alizaliwa upande gani, babu alifanya kazi gani, wajomba ni wangapi. Mnajua ndugu zetu hawa: ukimtafutia mtu undugu kwa dakika tano bila kuupata, hujatafuta. Msusi akajibu yote kwa adabu, huku akitazama saa, na Kaka aliposhindwa akageukia mahakama ya mwisho ambayo hukumu yake haina rufaa.

"Shangazi. Huyu ni wetu?"

Hata waliobeba magunia walisimama nayo mabegani. Mama Sponji alifumba macho, maana katika maisha yake yote hajawahi kumwona Shangazi akikutana na mtu akashindwa kumwunganisha. Aliwahi kupata undugu na askari aliyekuja kumkamata.

Shangazi alimtazama msusi usoni, akatazama masikio yake, akatazama namna alivyosimama. Akaketi, mikono mapajani.

"Simjui," akasema. "Si wetu."

Magunia yakageuka. Kaka Mkubwa aliingiza futi mfukoni, akafunga mdomo wake kama alivyoahidi, na hadi leo akipita hapa anasalimia kwa mkono tu. Basi na iandikwe, na vizazi visome, kwamba katika siku ya thelathini, mbele ya mashahidi wenye magunia, kiti kimoja cha saluni kilivuka kizingiti cha Mama Sponji, Mshinda Maneno Sita, Mgusa Alama ya Kuuliza, aliyepigana kwa lenzi ya kuazima na akairudisha ikiwa safi. Jioni alifungua simu, na pale kwenye Matokeo palikuwa na namba moja tu, nayo ilikuwa moja. Shemeji aliomba aiweke kwenye ripoti zake. Alikataliwa.

Shangazi alipokuwa anaondoka alipita kwangu kuuliza saa, ingawa saa anayo. Akainama kwenye meza yangu.

"Fundi, bibi yake yule msusi ni mtoto wa mama yangu mdogo," akaninong'oneza. "Nimemjua kwa masikio hata kabla hajafungua mdomo."

"Sasa mbona hukusema?"

Akanyoosha khanga yake, akaviweka vidole vyake vyote kumi juu ya meza yangu mbele ya macho yangu, nivihesabu.

"Mwanangu aliniomba nisibofye," akasema. "Sijabofya."